Karatasi ya ukutani yenye ndege wa kuchorwa kwa mkono: kagua haya kabla ya kulipa

Kwa mbali, karatasi iliyochorwa ndege kwa mkono na ile iliyotoka kwenye printa hazipishani sana. Sogea, washa tochi, uiegemeze ukutani ili mwanga upite ubavuni. Rangi ya brashi ina unene: kila unyoya unaonekana ulikoanzia, na pale rangi ilipopungua kwenye brashi mstari unafifia. Ya printa ni bapa, na chini ya kioo cha kukuzia ni vitone vitupu. Halafu chagua ndege mmoja aliyegeuza shingo, umtafute kwingine. Akitokea tena yuleyule kila baada ya nusu mita, umeuziwa chapa kwa bei ya mkono.

Chapa yenyewe si aibu. Kampuni ya Zuber ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1797, hadi leo huchapa kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake. Ila ndege ni mtihani. Hata William Morris, mbunifu mashuhuri wa Uingereza, alipobuni karatasi yake ya Trellis miaka ya 1860, ndege alimwachia rafiki yake msanifu majengo Philip Webb. Kwa hiyo angalia miguu na macho kwanza. Kucha zisizoshika tawi ni dalili ya kazi ya kulipua.

Paneli za hariri, yaani vipande virefu vya kubandika ukutani, kama zile ambazo kampuni ya de Gournay ya London huchora kwa vipimo vya chumba cha mteja, ndizo zinazopendeza kuliko zote, na ndizo zenye nongwa kuliko zote. Gundi ikigusa uso wa hariri huacha doa, na kulisugua kwa sponji ya maji ni kulitandaza. Fundi aliyezoea karatasi ya plastiki (vinyl) ya kuosha asikabidhiwe kazi hii.

Agizo liende na mchoro wa kila ukuta: milango, swichi, soketi. La sivyo soketi itatua kichwani mwa korongo. Dari nyingi haziko sawa, hivyo pima kimo mahali patatu, shika kilicho kirefu, uongeze sentimita 5 juu na 5 chini.

Plasta mpya ikauke kabisa. Unyevu wa saruji huharibu rangi na kuotesha ukungu. Piga praima, kisha bandika karatasi nyeupe ya msingi kwa kuilaza, ili viungo vyake visiangukie viungo vya paneli, na uiache ikauke. Hatua hii mafundi huiruka, na viungo hufunguka kwa sababu hiyo: karatasi hutanuka ikilowa gundi, hunywea ikikauka, na msingi usionyonya sawasawa huvuta kingo. Muda wa kulowa nao uwe mmoja kwa paneli zote, ama sivyo matawi hayatakutana.

Paneli ya kwanza ifuate timazi, si kona ya ukuta. Pindo likatwe kwa rula ya chuma na wembe mpya, kwani butu huchana nyuzi. Lainisha kwa brashi kavu yenye nywele laini. Rola kwenye kiungo huacha mng'ao usioondoka.

Jikoni na bafuni, usithubutu. Ukuta unaopigwa na jua la moja kwa moja pia uuache, rangi zitapauka. Sebule yenye samani chache inatosheka na ukuta mmoja tu, na muundo ulioacha nafasi tupu kati ya matawi unauzidi ule uliosheheni. Omba pia vichupa vya rangi zilezile za kurekebishia, viandikwe kwenye ankara.