Coccinelle: inanusa vizuri, ila usiiachie maamuzi

Wanaoniuliza kama Coccinelle, zana inayosoma msimbo wa lugha ya C ikitafuta maumbo yanayofaa kurekebishwa, inafaa kusafishia msimbo wa mifumo ya faili ya Linux, jibu ni ndiyo, hasa kama grep, ile amri ya kutafuta maneno kwenye faili, imekuchosha. Naiendesha kwenye kompyuta mpakato ya kawaida hapa Nyegezi, Mwanza, na hata umeme ukikatika, betri hunitosha kukagua fs/ext4 yote, yaani folda ya mfumo wa faili wa ext4.

Kuiweka ni `sudo apt install coccinelle`, basi. Kitakachokula bando ni chanzo cha Linux chenyewe, kwa hiyo kivute kwa `git clone --depth 1`, toleo la mwisho tu. Historia nzima ni gigabaiti kadhaa. Kisha, ndani ya folda ya chanzo hicho, andika `make coccicheck MODE=report M=fs/ext4`, upate ripoti. Kanuni za nini cha kutafuta zimo tayari kwenye scripts/coccinelle.

Utamu wake ni kwamba inaijua C. Grep hutafuta herufi tu, hii inafuata njia ambazo programu inaweza kupita. Mtu kaomba kumbukumbu kwa kmalloc, chini yake kaijaza sifuri kwa memset: inakwambia ondoa memset, kzalloc inafanya yote mawili. Majina ya vigeu yatofautiane yatakavyo, haibabaiki. Itakuonyesha pia `if (p) kfree(p);`, yaani kuachia kumbukumbu kwa kfree pale tu p si NULL (tupu). Kfree ikipewa NULL hairudishi lawama, inajiondokea tu, kwa hiyo sharti lile ni sawa na kumdai abiria tiketi ndani ya kivuko cha Kamanga ilhali getini hapiti asiye nayo.

Ukiweka MODE=patch inatoa kiraka kabisa, yaani mabadiliko tayari ya kuingizwa kwenye msimbo. Hapo fungua macho, ndugu yangu. Inaona umbo, sababu haiijui. Jiandikie kanuni ya kufuta mark_inode_dirty (inayotia alama kwamba inode, rekodi ya taarifa za faili, imebadilika na iandikwe diskini) inapoitwa mara mbili, nayo itafuta mwito wa pili bila kusita, ijapokuwa katikati inode imeandikwa diskini na kubadilishwa tena. Mwito wa pili ulikuwa na kazi! Mimi husoma kila mstari kabla ya kumtumia mtu kiraka.

Na anayetarajia mashine iende mbio baada ya usafi huu ataumia moyo. Kukagua NULL mara ya pili hakugharimu kitu cha kuhisika. Unachopata ni msimbo unaosomeka.

Julia Lawall na wenzake wa Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, walioitengeneza, wamefanya kazi kubwa, nawapa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya SmPL, lugha ya kuandikia kanuni. Ukikosea alama moja, spatch, programu inayoendesha kanuni hizo, inakutajia mstari, halafu kosa lenyewe ujitafutie.