SR400 ya mwaka gani kwa mtu wa Tanga? Uzoefu wangu

Niseme mapema ili asiyetaka maneno mengi aishie hapa: kama unaishi pwani na fundi wako ni huyu huyu anayetengeneza boda, tafuta pikipiki ya Yamaha SR400 ya kabureta yenye diski mbele, yani ya kuanzia 2001 mpaka 2008, na ukibahatika upate ya 2001 au 2002. Mie ninayo ya 2002, naiendesha hapa Tanga mjini na safari za nje, na kipindi naitafuta suala la mwaka lilinizungusha kweli kweli maana kwa macho zote ni moja. Taa ya duara ile ile, tenki lile lile la umbo la tone, siti bapa, eksozi moja ndefu. Ya 1985 ukiisugua vizuri ukaiegesha na ya 2015 mpita njia haoni tofauti, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Kwa asiyeijua, hii kitu ilitoka Japani 1978 zikiwa ndugu wawili, 400 na 500, na damu yao inatoka kwa XT500, ile pikipiki ya vumbi ambayo Mfaransa Cyril Neveu alishinda nayo Paris–Dakar ya kwanza kabisa. Silinda moja kubwa, vali mbili, inapozwa na upepo tu, haina rejeta wala maji. Na haina stata! Narudia kwa herufi kubwa kwa ndugu zangu mnaoangalia picha tu: HAINA STATA, toka 1978 mpaka walipofunga 2021 ni kiki mwanzo mwisho. Injini yenyewe ni cc 399 kwa sababu Japani leseni ya kati inaishia cc 400, ndo maana kule 400 ilibaki sokoni muda mrefu wakati 500 iliishia 1999. Halafu kule pikipiki ikizidi cc 250 lazima ipelekwe ukaguzi wa serikali kila miaka miwili, kwa hiyo nyingi zinazoshuka huku injini ni nzima, kilichochoka ni mipira.

Sasa miaka. Za mwanzo kabisa zilikuwa na diski mbele. Ikafika 1985 wakafanya kitu cha ajabu, wakarudi nyuma makusudi, wakatoa diski wakaweka dramu ya breki shuu ili ifanane na pikipiki za kizamani, na rimu ya mbele wakaishusha toka 19 kwenda 18. Ikakaa hivyo mpaka 2001 diski ikarudi. Mwaka 2003 wakaongeza mirija ya kupuliza hewa kwenye eksozi kwa ajili ya moshi, pamoja na ufunguo wenye chipu. 2008 kabureta ikaishia hapo kwa sababu ya sheria za moshi, na modeli ya 2010 ikaja na injeksheni, yani mafuta yanapulizwa kwa umeme badala ya kabureta. Ikasimama tena 2017, ikarudi 2018, na 2021 wakatoa Final Edition wakaaga.

Breki ndo iliyonifanya niache zile za dramu, ingawa kwa urembo dramu ile ya mbele ni nzuri mno, wallahi ukiiona imeng'arishwa unaweza ukasahau bei. Tatizo mie napenda kupanda Lushoto. Ukitoka Tanga ukapita Muheza, Segera, mpaka Mombo huko kote barabara ni pana, breki yoyote inatosha. Kupanda napo hakuna shida. Kazi ni kushuka, kile kipande cha kutoka Soni kurudi Mombo, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na mbele yako lori la mbao au la mboga linakokota gia ndogo. Dramu ukiishika mfululizo inapata moto inaanza kulegea, lazima utegemee gia sana. Diski unagusa inakamata, unaachia, unagusa tena. Hiyo kwangu ilimaliza ubishi, lakini mtu ambaye safari zake ni Chumbageni kwenda Raskazone jioni kupunga upepo basi achukue ya dramu tu, na bei yake mara nyingi iko chini.

Namna ya kujua mwaka. Usimsikilize muuzaji na wala usisome kadi peke yake, soma namba ya chesisi shingoni pale hendo inapokaa. Ikianza na 1JR ni ya dramu, ile ya 1985 mpaka 2000. RH01J ni kabureta na diski, hiyo ndo tunayoisema. RH03J injeksheni ya 2010 mpaka 2017, RH16J zile za mwisho. Dar nilioneshwa moja imeandikwa 2006, ina diski mbele kabisa, jamaa anaapa. Nikawasha tochi ya simu nikainama, shingoni pamepakwa grisi nene kama mtu alikusudia, nikaifuta kwa kidole taratibu ikatokea 1, ikatokea J. Nikamwambia bro hii ni 1JR, imewekwa fok na diski za nyingine. Akanijibu "hiyo si namba tu kaka". Sawa, namba tu, lakini bei aliyotaka ilikuwa ya RH01J. Tukaagana vizuri.

Na hii ya kubadilisha vitu jiandae kukutana nayo sana, Japani SR ni pikipiki ya watu kuchezea, wanakata siti, wanaweka hendo fupi, wanatoa filta ya hewa wanaweka kale kadogo ka koni. Kwa huku hako kafilta ka koni siyo poa, vumbi letu siyo la Tokyo. Yangu nilichagua yenye boksi lake la filta la kiwandani ingawa ilikuwa na mikwaruzo zaidi ya nyingine niliyoiona imependeza.

Mbona sikuchukua injeksheni? Hapa watu wengi watanipinga na wana haki. Niliijaribu RH03J ya mtu na kwa kweli inawaka vizuri kuliko yangu, hakuna choki, ukipiga kiki sawasawa inashika, asubuhi ya baridi Lushoto haikusumbui. Lakini pampu ya mafuta ni ya umeme, kuna kontrol boksi, kuna sensa, betri ikiwa hoi ujue una kazi. Nikaenda Ngamiani kwa mzee anayenitengenezea, nikamuuliza ukiletewa hii pampu imekufa utafanyaje, akacheka akasema "mwanangu, nitakuuliza wewe". Ndo jibu lenyewe hilo. Kabureta anaifungua palepale kwenye gunia, anapuliza jeti, anarudisha, unalipa unaondoka. Halafu kuna petroli ya chupa. Ukienda huko vijijini njia ya Pangani utajikuta unanunua mafuta ya chupa ya maji mezani kwa mtu, yamekaa juani na hujui yamechanganywa na nini, kabureta itakohoa tu ila nozeli ya injeksheni siyo ya kuijaribia hivyo. Kama uko Dar, una hela na una gereji inayojua mambo hayo, chukua RH03J usiangalie nyuma.

Tofauti ya 2001/2002 na 2003 kuendelea ni ndogo, msikosane na mtu kwa hilo. Mie nilikwepa ule ufunguo wa chipu kwa sababu nyingi zinakuja na ufunguo mmoja tu, ukiudondosha feri au baharini unaanza kesi mpya. Ile mirija ya hewa nayo mipira yake ikipasuka eksozi inapiga mabomu ukiachia mafuta. Zaidi ya hapo ni pikipiki ile ile.

Kiki. Watu wanaiogopa bure, haihitaji nguvu inahitaji utaratibu. Kushoto kwenye hendo chini ya klachi kuna kaleva kadogo ka kuachia kompresheni (mgandamizo wa injini), na upande wa kulia wa hedi, yani kichwa cha injini, kuna kidirisha cha kioo kidogo cha duara. Unakabana kale ka kushoto, unasukuma kiki polepole kwa mguu huku unachungulia kidirisha mpaka alama nyeupe itokee, unaachia, unarudisha kiki juu kabisa, halafu unaipeleka chini yote bila kuongeza mafuta. Usiguse mafuta! Vijana wa kijiweni kila mmoja akitaka kujaribu anazungusha mafuta kama anawasha Boxer, injini inamezwa na petroli, wanapiga mpaka jasho linawatoka kisha wanasema mbovu. Ukishazoea kidirisha chenyewe huangalii tena, mguu unajua.

Oili pia iwekeni akilini. Oili ya hii haikai chini kwenye injini kama boda, inakaa ndani ya bomba la fremu, na kijiti cha kupimia kiko juu karibu na shingo. Ikilala muda mrefu oili inashuka chini kwenye injini, ukipima asubuhi unaona kijiti kikavu, fundi asiyeijua anamimina lita nyingine. Iwashe kwanza ipate moto, zima, ndo upime. Mzee wangu nilimwelekeza mara moja tu akashika, sasa yeye ndo anawafokea wengine.

Kwenye mwendo msitegemee maajabu. Iko raha kwenye 70 mpaka 90, ikipita hapo vioo vinatetemeka huoni nyuma maana silinda ni moja na ndani haina shafti ya kutuliza mtikisiko. Mafuta nakadiria km 25 mpaka 30 kwa lita kutegemea na mkono. Sauti yake ya chini ile du du du ukipita barabara za Ngamiani jioni, watu waliokaa barazani wanageuka wote, ukubwani hivi inafurahisha bado.

Adui wa Tanga ni chumvi. Spoki, rimu za kromu, eksozi kwa chini, vyote vinashika kutu haraka ukiishi karibu na bahari, mie naosha kwa maji baridi kila nikitoka njia ya ufukweni na spoki nazipaka oili kwa brashi. Kabla hujanunua fungua kifuniko cha tenki umulike ndani, ukiona rangi ya matope ya kahawia achana nayo, kabureta haitatulia maisha yake yote. Angalia pia ule mpira unaoshika kabureta na hedi, ukipasuka injini inavuta hewa ya nje na sailensa (mngurumo wa injini bila kuongeza mafuta) haitulii hata fundi azungushe skrubu mpaka kesho.

Spea siyo janga kama wanavyotisha. Plagi ni NGK BPR6ES, ipo kila mahali. Cheni yangu ni 428, saizi ya boda, ila ndefu zaidi kwa hiyo unanunua mbili fundi anaunga pingili. Vali zinasetiwa kwa skrubu na nati, kazi ya kawaida. Tairi ndo ngoma, ni za inchi 18 mbele na nyuma, hapa mjini sikuzipata, nikaagiza Dar zikaja kwa basi. Na ule mpira wa kabureta niliousema wangu umeanza nyufa, nimeupaka siliconi ya kuzuia kwa muda, mwenye mpya wa RH01J au anayejua duka lenye nao Tanga au Dar aseme bei.