Tahadhari: anayewauzia supachaja ya "ex-Japan" hapa Mombasa anaondoka na yenu iliyo nzima

Wenye Golf na Touran za 1.4 TSI zenye supachaja, na wenye Mercedes za Kompressor, tafadhali someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji wa spea anayezunguka gereji hadi gereji, kuanzia Changamwe mpaka Bombolulu, akiwaambia watu supachaja zao (kifaa kinachozungushwa na mkanda na kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini) zimekufa. Nyingi hazijafa. Anaing'oa yako, anakufungia mbovu iliyopakwa rangi, kisha ile nzima anakwenda kumuuzia mwingine. Mimi ni fundi na ushahidi nimeushika kwa mikono yangu.

Wa kwanza ni mteja wangu wa Kisauni. Golf yake ilikuwa nzito kuondoka: unakanyaga mafuta haiitiki, mpaka injini ifike kama mizunguko 3,500 kwa dakika ndipo inaamka. Mimi sikuwapo mjini, akaelekezwa kwa huyo bwana. Gari likapigwa mashine ya kusoma hitilafu, ukatoka msimbo P0299, akaambiwa papo hapo kwamba supachaja imekwisha. Akalipa Sh65,000. Gari likarudi na nguvu zake, naye akashukuru. Baada ya muda likaanza kuvuma kila akikanyaga, akaniletea.

Nilipoifungua nilisikitika. Rangi ya fedha ya kopo imepulizwa juu ya kila kitu, mpaka ndani ya matundu ya boliti. Kibati cha namba kimekwanguliwa. Maungio yamezibwa kwa silikoni nyeusi iliyofurika nje. Rota, yaani vyuma vinavyozunguka ndani yake, zina mikwaruzo mirefu, na ukiushika mhimili unauhisi ukicheza huku na huku. Rota nzima hazigusani kamwe, wala hazigusi ukuta wa nyumba yake. Zikishaanza kukwaruzana, beringi zimekwenda. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba pampu ya maji ilikuwa mpya kabisa, na hakuwa ameambiwa kwamba imebadilishwa.

Hapo ndipo ulipo mchezo wote. Kwenye injini hii ya 1.4 TSI supachaja haizunguki muda wote. Inashikishwa na klachi ya sumaku, na klachi hiyo imeungana na pampu ya maji, ni kitu kimoja. Chini ya mizunguko 2,400 supachaja ndiyo inayosukuma hewa. Kutoka hapo hadi 3,500 inaitwa ikihitajika tu. Juu ya hapo turbo, inayozungushwa na moshi wa injini, inabaki peke yake. Koili ya klachi ikiungua, au klachi ikilika, gari linakosa nguvu chini na kuzipata juu, vile vile kama lilivyokuwa la huyu ndugu. Dawa yake ni pampu na klachi yake. Supachaja yenyewe haikuwa na kosa. Bwana yule alijua, akabadilisha pampu kimyakimya, akamtoza mtu bei ya supachaja, na juu ya hayo akaibeba ile nzima.

Najuaje kwamba ilikuwa nzima? Niliwahi kuitoa mwenyewe nikifanya kazi nyingine kwenye gari hilo, na kila kifaa cha bei ninachokitoa huwa nakitia pembeni nukta mbili za senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama. Iliyokuwa kwenye gari sasa haikuwa na nukta. Halafu akaja mteja mwingine, wa Miritini, Golf yake nayo haina nguvu hata baada ya kununua supachaja "iliyoshuka na kontena juzi". Nikaipangusa, nukta zangu mbili hizo hapo. Koili ya klachi yake nilipoipima kwa mita ilikuwa imekatika. Huyu alilipia kifaa cha mwenzake, na ugonjwa wake ukabaki pale pale.

Kwa hiyo mtu akikwambia supachaja imekufa, mwambie akuonyeshe. P0299 maana yake ni kwamba msukumo wa hewa uko chini, basi. Mpira wa hewa uliopasuka unaweza kuutoa msimbo huo, vile vile mkanda unaoteleza, kipepeo cha hewa kilichokwama, klachi isiyoshika. Injini ikiwa imezimwa, klachi ikipewa volti 12 lazima uisikie ikigonga tak! Ikinyamaza, hapo pana shida, na ni shida ya bei nafuu zaidi. Tazama pia chini ya pampu kama kuna madoa makavu ya maji ya rejeta.

Kama tatizo ni kelele, mkanda wa supachaja utolewe na injini iwashwe kidogo. Kelele ikibaki, inatoka kwingine. Wa Mercedes kuweni waangalifu hapa: mara nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, usiiache injini ikinguruma bila mkanda. Zima, kisha zungusha kila puli kwa mkono, usikilize beringi. Mara nyingi nimekuta ni puli ya kukazia mkanda tu, na mwenye gari ameshaanza kuchangisha pesa za supachaja.

Huyo muuzaji mtamjua kwa tabia zake. Anataka arubuni kwa M-Pesa kabla hujakiona kifaa. Hatoi risiti, dhamana yake ni ya mdomo. Hapendi usimame karibu akifanya kazi. Na kila mara atasema cha zamani anakichukua yeye "akakitupe". Usikubali hilo hata akikupunguzia bei. Kifaa kilichotoka kwenye gari lako ni mali yako. Kitiwe kwenye gunia, kiwekwe kwenye buti, uende nacho nyumbani.

Mliokwisha kulipa, hifadhini ujumbe wa M-Pesa na picha mlizotumiwa, mwende kituo cha polisi mkaandikishe OB (kitabu cha matukio). Mteja wa Kisauni ameshaandikisha, na wa Miritini amekubali kuwa shahidi. Na yeyote aliyeuziwa supachaja karibuni, aipanguse vizuri aitazame pembeni. Ukikuta nukta mbili, au alama yoyote ya fundi mwingine, piga picha uiweke hapa chini tumtafute mwenyewe.