JavaScript na hii sort() yake: jamani hapana!

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sizunguki maana nimekereka kweli. JavaScript mnaijua, lugha ya kuandikia programu za tovuti, imo kwenye kila brauza, mambo ya spidi na historia tunaruka, nataka kitu kimoja tu, sort(), ile amri yake ya kupanga orodha.

Haya angalieni skrini. Nafungua konsoli ya brauza, pale pa kuandika amri na kuona jibu hapo hapo, tuseme ni duka la mtandaoni, mteja kabonyeza bei ya chini ianze. Naandika [900, 2500, 10000].sort(), naenta... mmeona? 10000, 2500, 900. Elfu kumi ndo imekaa mbele! Kuna mtu atasema ah imepanga kushuka tu, sawa, ngoja niongeze 9500 humo humo, naenta tena. 10000, 2500, 900, 9500. Sasa huo ni mpangilio gani? Ni kwamba namba zote inazigeuza kuwa maandishi kwanza, halafu inazipanga kama majina kwenye daftari la mahudhurio, inayoanza na 1 mbele, ya 2 inafuata, ya 9 mwisho.

Na kinachoniuma zaidi, haigomi, hailalamiki, hakuna hata mstari mwekundu. Ukijaribu na bei za 1000, 2500 na 9000 inapanga vizuri kabisa, unakabidhi kazi, mteja anafurahi, siku akiingiza bidhaa ya elfu kumi ndo simu zinaanza kupigwa. Dawa yake ni hii hapa, sort((a, b) => a - b), yaani unaiambia ilinganishe namba kwa kuzitoa, iandikeni mahali. Lakini kwa nini namba zihitaji dawa?

Python, lugha nyingine ya programu, ukiipa bei hizo hizo inapanga sawa bila kuambiwa. Ukijumlisha "500" ya maandishi na 200 ya namba inakugomea pale pale, wakati JavaScript inakupa "500200" na inaendelea na safari, ila ukitoa badala ya kujumlisha inakupa 300, yaani hapo imekumbuka hesabu! Mtasema tumia TypeScript ya Microsoft, ile JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, ipo tangu 2012, na mimi naipenda sana, ila hii sort() ya namba inaipitisha tu bila neno.

Simlaumu Brendan Eich aliyeiunda JavaScript, toleo la kwanza alilitengeneza kwa siku kumi pale Netscape, kampuni ya brauza, mwaka 1995, muda wenyewe ulikuwa hautoshi. Na kubadilisha leo ni ngumu, tovuti za zamani zinaitegemea ilivyo. Ni ya bure pia, sawa, lakini usiku unaokesha kutafuta kosa na bando linaloisha nani anakulipa?

Kama hujasabskraibu sabskraibu, Jumamosi niko laivu, tunaingia kwenye tarehe za JavaScript, huko Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11. Wekeni kwenye komenti code zenu za tarehe zinazowasumbua, nitazifungua moja moja.