Nilivyonunua mazabodi mbili kwa prosesa moja

Nahariri video za harusi na kipaimara hapa Dar, na kompyuta ya kazi niliiunga mwenyewe. Prosesa ni Ryzen 5 3600, ile ya 2019 yenye viini 6, yaani sehemu sita za kufanyia hesabu. Hela karibu yote iliishia kwenye prosesa na kadi ya picha, mazabodi, ile bodi kuu inayochomekwa vipande vyote, nikaitafuta kwa chenji iliyobaki. Muuzaji akaniambia, "Kaka, mazabodi ni mazabodi tu, mradi soketi ziingiliane." Nikachukua ya A320, daraja la chini la mazabodi za Ryzen, kampuni yake siitaji.

Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ziliingiliana kweli, aina ya AM4 kwa AM4. Ila mimi nilikuwa na hamu ya kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa ipite kasi iliyopangiwa kiwandani. Nikaingia BIOS, ile programu ya mazabodi yenye mipangilio yake, nikapekua kurasa zote, pa kubadilishia kasi hapapo. Baadaye ndiyo najua: AMD wenyewe, watengenezaji wa Ryzen, waliifunga A320, na A520 iliyofuata nayo vilevile. Zilizoachwa wazi ni B350, B450, B550 na zile zinazoanza na X.

Hilo ningelivumilia. Lililonichosha ni kwamba hata kasi ya kawaida ilishindwa kuishikilia. Mwezi Machi, joto mnalijua, pangaboi linazungusha hewa ya moto, nami nina harusi ya saa tatu ya kutoa. Kasi inashuka chini ya gigahazi 3 wakati prosesa yenyewe iko nyuzi 70 tu, wala haijalalamika. Nikafungua kasha, nikasogeza kidole kwenye vile vijiraba vyeusi vilivyopangana kando ya soketi. Nilikirudisha haraka! Palinukia kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo.

Vijiraba hivyo ndiyo VRM. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka kama volti 1.3, kwa hiyo wao ndio wanaoukata umeme hadi kiwango hicho, na unaopotea njiani unageuka joto. Yangu vilikuwa vitupu, havina hata kipande cha alumini juu. Vikizidiwa, mazabodi inaibana prosesa ili visiungue. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha picha ya mazabodi naangalia hapo kwanza. Taa za rangi hazipozi kitu.

Ya pili ni MSI B450 Tomahawk Max, niliyoilipia laki tatu na ushee. Niliponyanyua boksi tu nikahisi tofauti, maana mabamba ya kupozea VRM ni mazito. Neno "Max" nalo lina maana yake: chipu ya BIOS ni megabaiti 32, wakati Tomahawk ya mwanzo ilikuwa na 16, na hii ilitoka ikiwa inazitambua Ryzen za mfululizo wa 3000 bila kufanyiwa kitu.

Nikaweka kizidisho 42 (mara megahazi 100), volti 1.3, viini vyote vikakimbia gigahazi 4.2. Kazi ya dakika 20 ikatoka kwa 19. Dakika moja, kwa mbwembwe zote zile!

Kilichonishangaza ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Stika yake imeandikwa kasi ya 3200, kumbe miaka yote ilikuwa inatembea 2133. Hapa nisiisingizie A320, ni mimi sikuwahi kugusa. Nikawasha A-XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi ya kwenye stika, bonyezo moja, na video zilizokuwa zikikwama nikizisogeza mbele na nyuma zikalainika. Kwenye Ryzen, njia ya ndani inayounganisha vipande vya prosesa huenda kwa mwendo wa RAM, ndiyo maana tofauti inaonekana.

Tamaa ikanipeleka RAM hadi 3600. Skrini nyeusi, feni zinavuma, na kitaa kidogo cha DRAM, cha kuonya kuhusu RAM, pembeni ya mazabodi kinaniangalia. Saa sita usiku nachomoa betri ya duara kama sarafu ili BIOS isahau mipangilio, nasubiri, narudisha. Ikawaka. Nikarudi 3200 nikatulia.

Mapungufu yapo. Haina Wi-Fi, nafasi ya M.2, ya kuchomeka diski nyembamba, ni moja tu, na PCIe, njia ya kadi na diski hizo, ni kizazi cha 3. Ukitaka diski za kasi za kizazi cha 4, ongeza hela uchukue B550 ya 2020. Faida ya Tomahawk hii ni kwamba ukisasisha BIOS inapokea hadi Ryzen 5000, kwa hiyo nikipata hela ya 5600 mazabodi inabaki. Ila fanya kazi hiyo ukiwa na UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS unaweza kubaki na kigae, yaani mazabodi isiyowaka, ingawa hii ina kitufe cha nyuma kinachoweza kuifufua kwa flashi.

Wa Intel kwenu ni rahisi kukumbuka: ukitaka kuovakloki, prosesa iwe na herufi K kwenye jina na mazabodi iwe ya Z. Ukikosa moja, hiyo K umeilipia bure.

Kwa sasa, Desemba hadi Machi narudisha kasi ya kiwandani, maana dakika moja haistahili chumba kigeuke tanuri. Kusi ikianza kuvuma naipandisha tena 4.2, na RAM siigusi.