Raba za kukimbilia milimani: geuza soli kwanza

Habari zenu wadau. Leo sifungui boksi jipya. Nina jozi nne hapa mezani, zote zina matope, na mama watoto ameshanung'unika kuhusu kitambaa cha meza. Tuvumiliane.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Kaka, raba gani nzuri kwa mbio za milimani?" Na mimi huuliza: mlima upi, mwezi gani? Maana mimi nakimbilia huku Moshi. Nikipanda kuelekea kijiji cha Materuni napita lami, halafu vumbi, halafu udongo mwekundu wa migombani, halafu mawe yenye utelezi karibu na maporomoko ya maji. Asubuhi moja tu, ardhi nne.

Kwa hiyo usianze na jina wala rangi. Geuza kiatu, hivi. Nasogeza kamera. Mnayaona haya meno? Wengine tunayaita kashata, kama za tairi. Chukua rula ya mtoto wa shule uyapime. Hii ya kwanza ni milimita 3 na nusu, na meno yamekaribiana. Hiyo ni ya vumbi, changarawe na njia ngumu za kiangazi. Hii nyingine ni milimita 6, na kati ya jino na jino kidole changu kinapita. Ile nafasi ndiyo kazi yenyewe: tope linaingia, ukipiga hatua linadondoka. Meno yakibanana tope linaganda, na baada ya dakika kumi umevaa matofali.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za migombani huwa kama zimepakwa sabuni. Hapo Salomon Speedcross inakaa vizuri, meno yake ni marefu na yameachana. Ipo pia Mudclaw ya Inov-8 ya meno milimita 8, kiatu cha Waingereza wa matope. Lakini ukiishusha kwenye lami utajuta. Meno yanapinda chini ya mguu, unayumba, na yanalika upesi.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi huteleza hapa, na siongei kwa mafumbo. Juu ya jiwe lililolowa, meno marefu hayakusaidii. Jiwe halichomeki. Kinachokushika ni mpira laini na eneo kubwa la soli linalogusa jiwe. Minya jino kwa ukucha: likibonyea kidogo, zuri kwa mawe, likiwa gumu kama plastiki, tembea kwa adabu. Ndiyo sababu watu wanausifu mpira wa Vibram Megagrip, ambao uko kwenye hii Hoka Speedgoat.

Tuje kwenye umbali, na hapa nataka usahau kilomita. Hesabu saa. Kilomita 21 za barabarani unaweza kumaliza kwa saa mbili, lakini 21 za kupanda na kushuka zikakula saa nne. Mguu unavimba kwa saa, hausomi vibao vya kilomita. Chini ya saa tatu, vaa kiatu chepesi kinachobana vizuri. Zaidi ya saa sita, ongeza nusu saizi, na utafute sponji nene. Wale wa UTMB, mbio ndefu za kuzunguka mlima Mont Blanc zinazoanzia Chamonix, Ufaransa, wana kilomita zaidi ya 170 na wamepewa saa 46 na nusu. Mguu wa saa ya arobaini si ule uliojaribu kiatu dukani.

Kuhusu dropu, yaani kisigino kimezidi vidole kwa kimo gani: Speedcross ni milimita 10, Speedgoat toleo la 5 ni milimita 4, Altra Lone Peak ni sifuri, na mbele ina nafasi pana, vidole vinapumua. Mimi naipenda. Ila usihame ghafla kutoka 10 hadi sifuri, mshipa wa kisigino utakudai. Anza na mbio fupi, wiki kwa wiki.

Kiatu cha kuzuia maji? Kwa huku, hapana. Ukivuka mto maji yanaingia kwa juu, na yakishaingia hayatoki. Chukua kitambaa chenye matundu.

Najua wengi wetu tunanunua mtumba, hata mimi Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, ni nyumbani. Mwaka juzi nilichukua jozi moja safi kabisa, meno mapya, elfu 45. Nikiwa nashuka Materuni nikasikia "pa!" Soli imefunguka kama mdomo wa mamba. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akacheka kwanza, halafu akachuna gome kavu la mgomba na kunifunga kiatu. Nikafika Moshi.

Kosa lilikuwa langu. Kiatu kilichokaa miaka ghalani gundi yake hufa, hata kama hakijavaliwa. Siku hizi nakikunja mara tatu palepale kwa muuzaji na kusikiliza. Halafu nabonyeza sponji kwa kidole gumba: ikirudi haraka, sawa, ikiwa ngumu au ina mikunjo kama ya paji la uso, naweka chini. Muuzaji akinuna, anune.

La mwisho, lile tundu la juu kabisa ambalo hamlitumii. Pitisha kamba humo kutoka nje, acha kitanzi kidogo kila upande, kisha pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye cha kulia. Vuta. Kisigino kimekaa. Ukishuka, vidole havigongi mbele, na kucha hazitageuka nyeusi.

Hiyo mnayoisikia ni mvua kwenye bati. Basi navaa ya milimita 6, hii ya vumbi inabaki mezani.