Praima tatu kwenye bati la Malindi: ipi nitanunua tena

Nimetumia praima (rangi ya chini, inayotangulia rangi yenyewe) za aina tatu kwenye magari yanayolala nje hapa Malindi: ya kopo moja isiyo na hadna (dawa ya kuigandisha), epoksi, na 2K ya kujaza, ya makopo mawili, praima na hadna yake. Za kununua tena ni hizo mbili za mwisho, na zote kwa pamoja: epoksi chini, juu ya bati tupu; 2K juu yake, ndiyo ya kupigwa msasa. Ya kopo moja nimeiachia viraka vidogo vya mahali ambapo jicho la mteja halifiki.

Hiyo ya kopo moja ina sifa ya kukauka upesi, basi. Inakauka kwa sababu thina (kiyeyusho chake) imeruka, si kwa sababu kuna kitu kimeshikana ndani yake. Ukiijia juu na rangi yenye thina kali, inalainika tena, inavimba, halafu inanywea polepole. Ndiyo maana mlango hutoka gereji unang'aa kama kioo, na mwezi haujaisha alama za msasa namba 180 (namba ndogo, mkwaruzo mkubwa) zilizokuwa kwenye fila, ile lipu ya kujazia mabonde, zinachungulia chini ya kliya, tabaka la juu la kung'aa lisilo na rangi. Lawama humwangukia aliyepiga rangi, kumbe ugonjwa uko chini.

2K haina tabia hiyo, maana hadna inaifunga. Ila ina unga mwingi wa talki ndani. Unga huo ndio unaoifanya isagike vizuri chini ya msasa, na ndio huohuo unaoifanya inywe unyevu. Gari likiachwa na praima ya kijivu wiki mbili kwa upepo wa baharini, kutu huanza chini yake bila dalili yoyote juu. Hapo ndipo epoksi inapolipa gharama yake: haipitishi maji kirahisi, inashika chuma, na fila inaweza kukaa juu yake bila ugomvi. Ubaya wake ni msasa. Inavutavuta, inaziba karatasi, na ukitaka kuisawazisha yenyewe utamaliza misasa bure. Mimi napiga mkono (tabaka) mmoja au miwili myembamba, kisha 2K inafuata siku hiyohiyo, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Muda huo ukipita, usidanganyike kwa kuwa inaonekana safi. Lazima ikwaruzwe kwa namba 320, la sivyo 2K itabanduka kama ganda. Na epoksi haipigwi juu ya praima ya asidi, ile inayouma bati ili ishike. Chagua moja.

Kabla ya yote hayo, chumvi. Kiondoa mafuta hakiondoi chumvi. Chumvi inaondoka kwa maji. Kwa hiyo maji ya tangi yasiyo na chumvi na sabuni kwanza, suuza, kausha, halafu kiondoa mafuta kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla hakijaruka. Bati lililopigwa msasa hadi likawa jeupe halingoji kesho. Limalize asubuhi, epoksi iingie kabla ya adhuhuri. Ukiliacha usiku, alfajiri utalikuta na wekundu mwembamba kama poda, na huo hautoki kwa kufuta, ni msasa upya.

Sasa kuchanganya. Kopo la 2K ninalolizungumzia ni la 4 kwa 1, na thina asilimia 10 ya praima na hadna kwa pamoja. Kwa boneti moja na mlango mmoja, mikono mitatu, hesabu ni kama lita moja. Nachanganya mara mbili: mililita 400 za praima, 100 za hadna, 50 za thina. Sababu ni joto. Saa moja iliyoandikwa kwenye kopo, ya kuutumia mchanganyiko kabla haujaganda, ni ya nyuzi 20, na hapa kaskazi ikivuma jotoridi liko juu ya 30. Baada ya nusu saa hivi mchanganyiko unaanza kuwa mzito kama uji, na anayeuongeza thina ili upite kwenye bunduki ya kupulizia anaharibu kila kitu. Thina nayo iwe ya 2K, tena ile ya joto, inayoruka polepole. Ile ya bei rahisi ya kuoshea vifaa huweza kuwa na spiriti au maji, na vyote viwili vinaila hadna kabla haijaifikia praima. Matokeo yake ni praima inayobaki laini siku tatu.

Bunduki yangu ya praima ina tundu la milimita 1.7. Ya 1.3 ni ya rangi. Ukiitumia hapa utapata ngozi ya chungwa na mkono wenye uchovu. Kati ya mkono na mkono ngoja mpaka mng'ao ufe, kama dakika 10. Wenye haraka wanarundika mikono mitatu kwa mpigo, na zaidi ikiwa bati limetoka juani halishikiki: juu panafunga ngozi, thina iliyobaki chini inatafuta njia, na njia hiyo ni vitundu vya sindano ambavyo utaviona tu ukishaanza msasa. Lete gari kivulini saa nzima kabla. Mtungi wa kompresa umwagwe maji kila asubuhi. Kwa unyevu wa huku, utashangaa kinachotoka.

Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hadna ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha. Barakoa ya vichujio vya mkaa ndiyo ya chini kabisa, na kazi iwe mahali pa wazi. Ya kuletewa hewa safi kwa bomba ni bora zaidi. Ukisikia harufu ndani ya barakoa, imeshachelewa.

Msasa ndio unaoitofautisha kazi. Praima ilale usiku mzima. Asubuhi jaribu pembeni kwa namba 320 kavu: vumbi likidondoka kama unga wa sembe, anza, likijikunja vidonge na kung'ang'ania karatasi, iache. Kisha nanyunyizia ukungu mwembamba wa spreya nyeusi, kwa umbali wa sentimita 30, ionekane kama pilipili manga iliyomwagwa, isifunike. Hapo chukua kibao, si vidole. Vidole vinachimba mifereji minne ambayo huioni kwenye kijivu, lakini kliya itaitangaza. Vuta kwa mshazari kulia, kisha mshazari kushoto. Baada ya misukumo kama kumi weusi unaanza kusimulia: palipo safi pako sawa, palipobaki madoadoa ni bonde, palipong'aa chuma ni kilima. Bonde dogo linaisha kwa kuendelea. Bonde lisiloisha linataka praima zaidi au fila. Kilima hakitibiwi kwa msasa, kinataka nyundo, na kila dakika unayoongeza hapo unazidi kutoboa.

Kingo na mistari ya bodi ndizo zinazoisha kwanza. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, piga upande mmoja, hamisha tepu, piga wa pili, halafu bandua na upitishe mara mbili tu kwa mkono mwepesi. Ukifika chuma, tia epoksi hapo. Ukifika fila, usipite tu na rangi: mpaka wa fila na praima utachora ramani chini ya kliya. Rudishia 2K kiraka kizima.

Baada ya 320, rudia ukungu mweusi na upige 400, kisha 500 kavu. Rangi ya kawaida isiyo na chembe inatosheka hapo. Metaliki ya fedha inataka 800 ya maji, maana chembe zake hulala ndani ya kila mkwaruzo. Lakini maji yenyewe ni habari. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya praima inavuta unyevu kupitia rangi, na malengelenge yanatokea baada ya wiki kadhaa. Dondosha tone la maji yako kwenye kioo cha gari, likaushwe na jua. Likiacha duara jeupe, usiyatumie maji hayo. Na pale palipo fila iliyo wazi, maji yasifike kabisa. Inayanywa kama mkate.

Hukumu: epoksi nne na nusu kwa tano, nusu imepotea kwenye msasa. 2K nne; inasagika vizuri na inajaza kweli, mikroni (elfu za milimita) 50 na zaidi kwa mkono, ila haisamehe hadna mbovu. Kopo moja, mbili.

Kuhusu hadna hiyo: nunua kopo dogo la kuisha kwa kazi mbili. Ikifunguliwa inanyonya unyevu wa hewa, na unyevu hapa hauishi. Kabla ya kupima, imimine kidogo kwenye chupa ya kioo na uitazame juani. Iwe angavu. Ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, au chembe zimekaa chini, hata kama kopo limejaa robo tatu, lisiguse praima.